Mtoto Niliyeacha Kumhesabu

Ukiulizwa hospitalini una watoto wangapi, wataje wote. Mtaje aliye nyumbani, aliye bwenini, aliye kwa nyanya yake, na hasa yule uliyempa mtu amlee. Mimi niliulizwa swali hilo mara tatu na watu watatu tofauti, na mara zote nikajibu "watatu" bila kusita. Ninao wanne. Jibu langu lilimcheleweshea mwanangu tiba karibu mwaka mzima. Naandika kwa sababu najua kuna mama mwingine ameketi kwenye benchi sasa hivi, hapa Kisauni au kule Likoni, naye anajibu kama nilivyojibu mimi.

Mambo ya kitaalamu sitayagusa. Muulize daktari wako, na akikujibu harakaharaka muulize tena. Mimi ni fundi cherehani, ninakaa Utange, na mume wangu Katana anafanya kazi kiwandani Bamburi. Ninachokijua ni kukaa na mtoto mgonjwa, na hicho nimekisomea miaka minane.

Kazungu alianza kuumwa akiwa hajafikisha miezi sita. Viganja na nyayo zake zilivimba kama maandazi, akawa analia ukimgusa. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukambadilishia maziwa, mpaka daktari mmoja akachukua damu na kutuambia ni seli mundu. Mimi na Katana tumebeba nusu nusu bila kuumwa, naye Kazungu akapata zote mbili. Tangu siku hiyo maisha yetu yakawa ya Alhamisi, siku ya kliniki.

Kama wewe ni mgeni wa kliniki hiyo, nikupe siri zake. Fika mapema, lakini usikae benchi la mbele, kwa kuwa la mbele ndilo linaloelekea mlango wa sindano na watoto huanza kulia kabla ya kufikiwa. Beba mto wa mtoto kutoka nyumbani. Beba chupa ya uji na vikombe viwili, kwa sababu jirani yako atakuwa amesahau chake. Sisi akina mama wa Alhamisi tulijuana kwa magonjwa ya watoto kabla ya kujuana kwa majina. Mmoja asipoonekana wiki mbili, hatukuulizana kwa sauti.

Kazungu alikuwa na macho ya manjano. Wenzake wa shule ya chekechea walimwita Ndimu, naye akalipokea jina hilo kwa madaha, akawa anajitambulisha hivyo kwa wageni. Maumivu yalipomshika hakuwa na madaha. Yalikuja miguuni, mgongoni, mara kifuani, na alikuwa akiniambia, "Mama, nitoe mguu huu." Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo.

Alipokuwa na miaka saba, wakati wa joto la kaskazi, alikuwa akinywa uji asubuhi kijiko kikamdondoka. Akakiokota, kikamdondoka tena. Nilikuwa na nguo ya mteja mapajani, nikamkaripia ale vizuri. Aliponigeukia nikaona mdomo umekwenda upande. Hilo karipio bado linaniuma, na nimeshaacha kujaribu kulisahau.

Kilikuwa kiharusi. Mtoto wa miaka saba! Tulipotoka wodini mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia, na daktari, kijana mpole wa kutoka bara, akatukalisha mimi na Katana. Akasema kuanzia sasa Kazungu ataongezwa damu kila mwezi ili kiharusi kisirudi, na kikirudi huenda kikachukua usemi wake au kikamchukua mwenyewe. Kisha akasema ipo tiba inayoweza kuumaliza ugonjwa kabisa: kupandikiziwa uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Inafanyika India, na upo mfuko unaowalipia watoto kama Kazungu, ila kwa sharti moja. Awepo ndugu wa baba na mama mmoja ambaye damu yake inalingana na ya mgonjwa kikamilifu.

"Kazungu ana ndugu wangapi?" akauliza.

"Wawili," nikasema. "Charo na Neema. Jumla watoto wangu ni watatu."

Katana alikuwa ameketi pale pale, naye akatikisa kichwa kukubali. Charo na Neema wakachukuliwa damu. Mvua za masika zilipoanza majibu yakaja: Charo halingani, Neema halingani. Daktari alisikitika kuliko tulivyotarajia. Mratibu wa ule mfuko akatupigia simu kuhakikisha kama hakuna ndugu mwingine, nikasema hakuna, watoto wangu ni watatu. Karani wa wodi akajaza fomu yake, akaniuliza tena, nikasema watatu. Niliapa kwa jina la Mungu na sikuona kama nasema uongo.

Sasa nieleze habari za Rehema.

Rehema ndiye kifungua mimba wangu. Dada yake Katana, yaani wifi yangu, aliolewa na Mwislamu wa Jomvu Kuu, akasilimu, akaitwa Mwanaisha. Alikaa miaka minane bila mtoto. Kwetu si jambo geni kumpa ndugu mtoto amlee, na anayetolewa mara nyingi ni yule aliyeacha ziwa. Rehema alipoacha ziwa nilikuwa na mimba ya Charo. Mama mkwe akasema neno, Katana akaniangalia, nami nikakubali. Sikushurutishwa, na sitaki kuonewa huruma. Nilimpenda wifi yangu na niliona jinsi alivyokuwa akiwabeba watoto wa watu. Nilimkalisha Rehema mapajani mwake kwa mikono yangu miwili, nikasema maneno yanayosemwa kwetu: "Hapa sina mtoto. Nikija, nimekuja mgeni." Nikatoka bila kugeuka.

Baada ya hapo mtoto hahesabiwi. Ndiyo adabu yenyewe. Ukimtaja katika watoto wako ni kama unamwita arudi, na mlezi akisikia moyo unamruka. Hata jina la Mama Rehema likawa la wifi yangu, mimi nikangoja Charo azaliwe nipate la kuitwa. Hakuna aliyemficha Rehema asili yake, lakini mama yake ni yule wa Jomvu Kuu. Rehema anamwita Katana mjomba, nami ananiita mkaza mjomba. Miaka kumi nilihesabu bila yeye, mpaka ulimi ukawa hauna jibu jingine. Mungu ni shahidi, nilipoulizwa na daktari, Rehema hakunijia hata akilini.

Basi tukaendelea na damu ya kila mwezi. Mara damu ipo, mara haipo, na siku isipokuwepo unapiga simu kwa kanisa, kwa wenzake Katana wa kiwandani, kwa mteja anayekudai gauni lake. Kazungu alipata homa ya kifua mara mbili. Mara ya pili alilazwa mwaka uliofuata, wakati wa likizo ya Aprili, na wifi Mwanaisha akaja kumwona na kapu la mkate wa sinia na samaki wa kupaka, pamoja na Rehema.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Mbeyu, mama mtu mzima kutoka Kaloleni, mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa akibadilisha chupa ya maji ya Kazungu, na Rehema ameinama karibu anamtania mgonjwa. Wote wawili wakacheka. Sista akawaangalia, akaangalia ule mwanya wa meno ya mbele kwa huyu na kwa yule, akaangalia masikio.

"Huyu msichana ni nani?"

"Binamu yake," nikasema. "Mtoto wa wifi yangu huyu hapa."

"Binamu wa kuzaliwa, au binamu wa kupewa?"

Wifi akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sista Mbeyu akanishika mkono, akanitoa koridoni.

"Mama Charo, mimi nimelelewa na shangazi yangu. Usinizungushe. Yule umemzaa wewe?"

"Nimemzaa mimi. Lakini nilimtoa."

"Na baba ni huyu huyu Katana?"

"Ndiye."

"Umempima?"

"Sista, yule hatumhesabu..."

"Nyinyi msimhesabu. Mashine itamhesabu."

Yule daktari wa bara angeniuliza mwaka mzima asingefika hapo. Alihitajika mtu wa kwetu kujua kosa la kwetu. Nililia pale koridoni, na hayakuwa machozi ya huzuni, nilikuwa nimejikasirikia mpaka meno yananiuma.

Kisha nikafanya la pili, baya zaidi. Nilirudi wodini na macho yangu mekundu, nikasimama mbele ya wagonjwa na wageni wao, nikasema, "Wifi, nataka mwanangu akapimwe."

"Mwanao yupi?" akauliza Mwanaisha taratibu.

"Rehema."

Hakubishana. Alifunika samaki, akajitanda leso yake, akamshika Rehema mkono. "Tumwache mgonjwa apumzike," akasema, wakaondoka.

Kwa wiki tatu simu zetu hazikupokewa. Nilimlaumu wifi, nikamlaumu mama mkwe aliye kaburini, nikamlaumu Katana kwa upole wake. Katana aliningoja nimalize. Yeye si msemaji, lakini siku hiyo alisema: "Ulimtoa kwa adabu. Kamwombe kwa adabu." Nilimchukia kwa siku nzima kwa sababu alikuwa sahihi.

Nilikwenda Jomvu Kuu peke yangu, mvua imenyesha na njia ya kushukia kwake ni tope tupu. Nikapiga hodi nimeshika viatu mkononi. Nilikaa mkekani, sikukaa kiti. Nikamwita kwa jina ambalo lingekuwa langu.

"Mama Rehema," nikasema, "hapa sina mtoto. Nimekuja mgeni, nina haja."

Machozi yakamtoka wifi, hayana sauti.

"Wallahi usidhani simtaki Kazungu apone," akasema. "Kazungu nimemjua yuko tumboni. Lakini ulisema 'mwanangu' mbele za watu, na mwenyewe asikia. Mume wangu, Mungu amemchukua. Huyu ndiye niliye naye. Leo mwamtaka damu, kesho majina yenu yaandikwa hospitali, keshokutwa aambiwa kwao ni Utange. Mimi n'takaa na nani hapa? Na paka?"

"Sikuja kumchukua. Nimekuja kukuomba umruhusu mwanao amsaidie wangu. Ukikataa nitarudi nyumbani na bado utakuwa wifi yangu."

Hapo nilisema uongo. Angekataa, sijui kama ningeweza kumwangalia tena usoni. Lakini nilisema, na nadhani alijua, akanipokea hivyo hivyo.

"Muulize mwenyewe. Ana miaka kumi na tatu, si mbuzi." Akaita, "Rehema!"

"Abee, mama."

"Njoo, mkaza mjomba wako ana haja nawe."

Rehema akaja, akaniamkia shikamoo, akakaa karibu na mama yake. Nilimweleza yote. Akauliza kama itauma. Nikamwambia itauma, kiunoni, kwa siku kadhaa, na kwamba atalazwa usingizi wanapochukua. Akauliza kama atanyolewa nywele.

"La. Atakayekuwa na kipara ni Kazungu."

"Kazungu atakuwa na kipara?" Akacheka, ule mwanya ukaonekana. "Basi niko tayari, hata kama ni kwa kuona hilo tu." Kisha kicheko kikaisha, akamgeukia Mwanaisha. "Lakini tuende sote, mama. Bila wewe siendi."

Majibu yalikuja baridi ya kusi imeanza. Sista Mbeyu alinipigia mwenyewe. "Wamelingana," akasema, "kila kitu." Nilipiga ukelele ambao majirani wa Utange waliujua kwa maana moja tu. Walipofika, wanawake wameshajifunga leso viunoni tayari kwa msiba, walinikuta nacheza peke yangu kati ya vitambaa vya wateja. Mmoja alikasirika kwelikweli kwamba hakuna aliyekufa.

Tulisafiri mwezi wa nane, mimi na Kazungu, Mwanaisha na Rehema. Katana alibaki na Charo na Neema. India tulipewa chumba kimoja karibu na hospitali, chenye jiko na vitanda viwili. Sitakudanganya, tuligombana. Wifi huosha sufuria mara tatu kabla ya kuipikia, mimi mara moja yanitosha. Yeye alisema ugali wangu ungeweza kujengea nyumba, mimi nikasema wali wake una mafuta ya kuwashia taa. Kwa siku mbili hatukusemezana kwa sababu ya birika. Rehema na Kazungu walikuwa wakiwekeana dau nani kati yetu ataanza kuongea. Kama unakwenda na ndugu, jua hilo litakuja, na halimaanishi kwamba safari imeharibika.

Lililokuwa gumu kuliko birika lilikuwa karatasi ya idhini. Cheti cha kuzaliwa cha Rehema kina jina langu, kwa hiyo msimamizi akaisukuma karatasi upande wangu, na mkalimani akaonyesha kwa kidole: sahihi ya mama hapa. Nilihisi Mwanaisha amekauka kando yangu. Nilichukua kalamu, nikampa yeye. Msimamizi akasema hapana. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie mtoto huyu ana mama aliyemlea, na mimi sitii sahihi kabla yake." Walizungumza kwa muda mrefu, wakaitwa watu wengine wawili, daktari mwenyewe akaja. Mwishowe wakaongeza mstari wa mlezi. Wifi aliandika jina lake lote, polepole, mpaka la babu. Mimi nikaweka sahihi yangu chini yake, na tulipotoka nje akanishika mkono kuvuka barabara.

Dawa za kuua uboho wa zamani zilianza wiki iliyofuata. Kazungu aliwekewa mrija kifuani, akahamishiwa chumba cha peke yake ambacho aliruhusiwa mtu mmoja tu, naye avae barakoa na joho. Nywele zilitoka zote. Ngozi ikaiva weusi, viganja na kucha vikawa kama vimepakwa masizi. Mdomo ukajaa vidonda hata mate hakuweza kuyameza, na kwa siku nne hakusema neno. Alikuwa akinionyesha kwa mkono wake mzuri, ule wa kulia: maji, beseni, nigeuze. Haya nayaandika ili ukiyaona usidhani mtoto wako pekee ndiye anayeharibikiwa. Yanakwisha.

Siku yenyewe wanaiita siku ya sifuri. Rehema aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Nilikuwa na watoto wawili kwenye milango miwili, na nafasi yangu ilikuwa kwa Kazungu. Mlangoni kwa Rehema aliketi Mwanaisha na tasbihi yake. Niliona wivu, nakiri. Niliona pia kwamba pale ndipo mahali pake, na kwamba miaka kumi na moja iliyopita ni mimi niliyempa kile kiti.

Mchana wakaleta mfuko mwekundu wakauning'iniza. Kazungu aliutazama ukidondoka kwenye mrija wake, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya siku zile nne.

"Ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu. Hakuna kisu wala kushonwa kwa mgonjwa. Baada ya hapo ni kungoja uone kama mbegu itashika.

Kila asubuhi muuguzi aliandika hesabu ya chembe nyeupe za damu kwenye kioo cha mlango. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Siku ya kumi na moja homa ilipanda wakambadilishia dawa mara tatu, na mimi nikamwahidi Mungu vitu vingine ambavyo hata uwezo wavyo sina. Nje ya kioo Rehema alikuja akitembea kwa kushika kiuno. Kazungu alikuwa amevimba mdomo lakini alimwandikia kwenye karatasi: UNATEMBEA KAMA NYANYA. Rehema akamwandikia: NDIMU IMEMENYWA.

Siku ya kumi na saba muuguzi aliandika namba ambayo haikuwa sifuri, akachora ua pembeni. Nilimwita wifi kwa simu, nikashindwa kusema. Akasema, "Nimeelewa, Mama Charo, nimeelewa," na yeye mwenyewe akashindwa.

Kulikuwa na mtikisiko mwingine. Viganja vilitoka vipele, madaktari wakasema damu mpya inaushangaa mwili wa kigeni. "Seli zako zinawasha," Kazungu alimlalamikia Rehema, naye akamjibu kwamba zimezoea mwili msafi. Dawa zikazituliza. Tulihesabu siku mia moja, tukaruhusiwa kurudi.

Katana alikuja kutupokea uwanja wa ndege siku chache kabla ya Krismasi. Kazungu alikuwa na mashavu manene ya dawa, nywele mpya laini na barakoa inayofunika nusu ya uso. Baba yake alichuchumaa mbele yake akamwangalia kwa muda. "Macho yake," akasema. "Mama Charo, macho yake ni meupe." Alikuwa hajawahi kuyaona meupe tangu kumzaa. Mwanamume huyo ambaye hakulia tuliposafiri alilia mbele ya wabeba mizigo wote.

Sasa umepita mwaka na zaidi. Kazungu hajapata maumivu hata mara moja. Anasoma, anacheza, na jina la Ndimu amekataa kuliacha ingawa halimfai tena. Mkono wa kushoto haukurudi wote, vifungo vya shati namfungia mimi. Chanjo zote za utotoni amerudia, na amelia kuliko mtoto mchanga. Kundi la damu yake limekuwa la Rehema, na kipimo kimoja kilisema damu hiyo ni ya msichana, jambo ambalo Charo hatamsahaulisha mpaka wazeeke. Kama mtoto wako anaelekea huko, uliza mapema kuhusu mambo ya kuzaa baadaye, kabla ya zile dawa kali. Mimi nilichelewa kuuliza. Na uliza kwenu nani ametolewa, nani amelelewa na nani, usingoje muuguzi akusomee masikio.

Mwezi uliopita faili letu la zamani lilikuwa limechanika, tukaambiwa tufungue jipya. Wifi alikuwa amekuja nami, siku hizi haikosi kliniki, anakaa benchi la nyuma na chupa ya uji na vikombe vitatu. Karani alikuwa msichana mgeni.

"Ana ndugu wangapi?"

Ulimi ulitaka kwenda kule ulikozoea. Nilimwangalia Mwanaisha. Alikuwa akimfuta Kazungu uji kidevuni.

"Watatu," nikasema. "Rehema, Charo na Neema."

Wifi hakushtuka. Karani akaandika, kisha akauliza mtu wa pili wa kupigiwa simu. Wifi akataja jina lake lote, mpaka la babu.

"Uhusiano na mtoto?"

"Mama yake."

Karani akainua kichwa. Nami niligeuka.

"Usinitolee macho, wifi," akasema Mwanaisha. "Damu iliyomo humu ni ya mwanangu. Miaka yote nikiulizwa nasema ninaye mmoja. Sasa ninao wawili, na huyu sikuombi, nshamchukua."

Kazungu alicheka, mwanya wote nje. Karani alikuwa ameshika kalamu, ananiangalia mimi aone kama ni mzaha.

Nikamwambia aandike.